Mume wangu alipona TB lakini pumzi haijarudi: kuna tiba isiyo ya dawa?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Malaba, upande wa Uganda. Nalifupisha. Mume wake ana miaka 46 na alimaliza dawa za kifua kikuu za miezi sita, sasa ni miaka miwili. Makohozi yamepimwa tena na tena, hayana vijidudu. Picha ya kifua inaonyesha makovu sehemu ya juu ya pafu la kulia. Hata hivyo, akitoka nyumbani kwenda barabarani anasimama mara tatu kutafuta pumzi, kila asubuhi anakohoa, na kazi ya kupakia na kupakua malori mpakani ameiacha. Kila akienda kliniki anarudi na antibiotiki. Amechoka, anasema hataki kidonge kingine. Ndugu wanamwambia apumzike asijichoshe, na jirani amemshauri ajifukize kwa majani ya kalitusi. Dada anauliza: kuna tiba isiyo ya dawa? Na mazoezi si yatamwumiza mapafu zaidi?

Dada yangu, pole kwa kuuguza, na shemeji nampa pole pia. Nianze na jibu lenyewe. Tiba ipo, na kwa ile pumzi inayomkatikia njiani inafanya kazi kuliko antibiotiki zote alizokwisha kumeza. Ni mazoezi ya kupimwa, pamoja na kujifunza namna ya kupumua na namna ya kutoa makohozi. Makovu hayataondoka. Hakuna kinachoyaondoa, na mtu akikuuzia dawa ya kuyaondoa, hela yako baki nayo. Lakini pumzi ya kutembea, ya kuoga, ya kuchota maji, na pengine ya kurudi kwenye kazi fulani, hiyo kwa sehemu kubwa inaweza kurudi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, watu wenye hali hii ndio kazi yangu, na naandika kwa urefu kwa sababu wengi waliopona TB wameachwa peke yao hapa hapa alipoachwa mumeo.

Kwanza mwelewe kilichotokea. Vijidudu vya TB vinakula nyama ya pafu. Dawa zikishaviua, palipoliwa panazibwa na kovu, na kovu la pafu ni kama ngozi iliyoungua moto: imepona lakini hainyooki. Hewa ikiingia, kipande hicho hakitanuki. Wakati mwingine panabaki tundu. Mirija ya hewa iliyo jirani inavutwa na makovu, inatanuka na kulegea, na makohozi yanatuama humo usiku kucha. Ndiyo maana kikohozi kinamsumbua zaidi asubuhi.

Lakini kovu la upande mmoja, sehemu ya juu tu, mara nyingi halitoshi kueleza kwa nini mtu wa umri wake asimame mara tatu kabla hajafika barabarani. Maelezo mengine yako kwenye miguu yake. Alipougua alikonda, akalala wiki nyingi, misuli ya mapaja ikasinyaa. Misuli iliyosinyaa haiitumii oksijeni vizuri. Kwa kazi ndogo tu inaanza kutoa asidi, na mwili unalazimisha mapafu yapumue haraka ili kuiondoa. Basi anahema kwa hatua ambazo zamani asingezihisi kabisa. Akihema anaogopa, anadhani ugonjwa umerudi, anakaa chini. Akikaa, misuli inasinyaa zaidi, na baada ya mwezi anahema kwa umbali mfupi kuliko mwanzo. Ndugu wanaomwambia apumzike wanasema kwa mapenzi, lakini wanamzidishia. Kovu hatuwezi kulifanya kitu. Misuli tunaweza, hata baada ya miaka miwili ya kukaa.

Na hili limejaribiwa hapa hapa kwetu. Pale hospitali ya Mulago, Kampala, walichukuliwa watu waliopona TB waliobaki na pumzi fupi kama shemeji, wakafanyishwa mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, kwa vifaa rahisi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika kipimo cha kutembea huku mwendo ukiongezwa kidogo kidogo, umbali wao wa wastani ulipanda kutoka karibu mita 300 hadi zaidi ya mita 370. Walikuwa kundi dogo, hawakufika watu 40, na hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo. Hata hivyo matokeo hayo yanakwenda sambamba na yale ambayo nchi nyingine zimeyaona kwa miaka mingi kwa wagonjwa wa mapafu wa aina nyingine. Mazoezi hayakuwapasua mapafu, na hayatampasua mumeo. Kuhema wakati wa zoezi hakuongezi kovu.

Kabla hajaanza, kuna mambo ya kuhakikisha hospitali, na naomba msiyaruke. Pumzi fupi inaweza kutoka kwenye moyo, au kwenye upungufu wa damu, au kwenye pumu, na mtu akishapewa jina la "mgonjwa wa TB" kila kitu kinasukumiwa kwenye TB. Apimwe presha, apimwe damu, moyo usikilizwe, na aulizwe kuhusu uvimbe wa miguu. Kama hajui hali yake ya virusi vya UKIMWI, apime. Halafu apimwe oksijeni kwa kile kifaa kinachobana kidole, na asipimwe akiwa amekaa tu: wamtembeze ukumbini kwanza. Wako watu ambao oksijeni yao ikiwa kwenye kiti ni nzuri, wakitembea inaporomoka. Ikishuka chini ya asilimia 88 tunasimamisha, na mtu huyo anahitaji mpango wake chini ya macho ya mtaalamu, asifanye mwenyewe nyumbani. Hayo yakiwa sawa, anaweza kuanza wiki hii hii.

Dawa yake kuu ni kutembea, na kama dawa nyingine ina kipimo. Mwambie ajipe alama ya kuhema kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni kupumua akiwa amekaa kimya na 10 ni pumzi imemwishia kabisa. Atembee mpaka afike 4. Hapo anahema waziwazi, anaweza kukwambia sentensi fupi, lakini kuimba hawezi. Akifika hapo asimame, aegemee ukuta, pumzi itulie, aendelee. Asiende mpaka 8 akarudi nyumbani kwa kujikokota, maana kesho yake hatatoka tena. Vilevile asitembee kwa 1 ya kutalii, kwa sababu misuli haipati sababu ya kubadilika. Wiki ya kwanza, jumla ya dakika kumi za kutembea zinatosha, hata zikikatwa vipande vitano. Kila wiki aongeze dakika tatu au nne. Wiki ya sita tunataka dakika 25 hadi 30, siku tano za wiki. Ataona mwenyewe kwamba vituo vya kusimama vinapungua kabla hata dakika hazijaongezeka sana.

Mahali pa kutembea pia pana maana yake. Ile barabara kubwa ya malori msiitumie, moshi wa dizeli hautamsaidia. Kiwanja cha shule au njia za ndani ya mtaa, asubuhi mapema au jua likishapoa. Na siku za kwanza mfuatane. Si kwa ajili ya usalama tu, ni kwa ajili ya ile hofu, maana mwanamume aliyekuwa akibeba magunia anaona haya kusimama njiani watu wakimtazama, na haya hiyo imewafanya wengi waache.

Siku tatu za wiki aongeze mazoezi ya nguvu. La kwanza ni kusimama na kukaa: kiti kigumu, kisicho na matairi, kimeegemezwa ukutani, mikono imekunjwa kifuani. Asimame wima kabisa, akae polepole. Mara nane, apumzike, arudie mizunguko miwili au mitatu. La pili ni kupanda na kushuka kizingiti au ngazi moja ya nje. La tatu ni mikono, kwa chupa za maji: chupa ya nusu lita ni nusu kilo, ya lita moja ni kilo moja, hahitaji chuma cha kununua. Mapaja yakiuma kesho yake ni kawaida, yakiuma mpaka siku ya tatu amezidisha. Kile kiti kitumieni pia kama kipimo. Kabla ya kuanza, shika saa, uhesabu anasimama na kukaa mara ngapi kwa dakika moja, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Rudia kila baada ya wiki mbili. Namba hiyo itamtia moyo kuliko maneno yangu, kwa sababu ameitoa yeye.

Sasa kupumua kwenyewe. Mtu anayehema kwa hofu anavuta hewa juu juu, mabega yamepanda, na hewa ya zamani haitoki. Mfundishe kutoa kabla ya kuvuta. Avute kwa pua akihesabu moja, mbili, kisha akaze midomo kama anayepuliza makaa yaliyoanza kushika, atoe polepole akihesabu hadi nne. Pumzi ikimkatikia ghafla, akae, aweke viwiko juu ya magoti, ainame mbele kidogo, afanye hivyo mpaka itulie. Kama hakuna pa kukaa, aegemee ukuta au ashike uzio. Kosa ninaloliona zaidi ni la kubana pumzi wakati wa kazi ngumu. Mtazame anapoinua jerikani ya lita 20: kwanza anajaza kifua, anafunga mdomo, ananyanyua, halafu anatweta kwa dakika nzima. Ageuze mpango. Avute hewa akiwa ameinama, atoe hewa wakati ananyanyua. Hivyo hivyo akipanda mlima, akivaa viatu, hata akijisukuma kutoka kitandani. Na hiyo jerikani, mwezi wa kwanza ijazwe nusu.

Kutoa makohozi ndiko kunakopuuzwa zaidi, na kwa mtu anayekohoa kila asubuhi hapa ndipo kwenye faida ya haraka. Kukohoa kwa nguvu mfululizo kunachosha, kunabana mirija, na makohozi yanabaki palepale. Kuna njia bora, na haina gharama. Akae wima ametulia, apumue kawaida kwa tumbo kama dakika moja, mabega yamelegea. Kisha avute pumzi ndefu tatu au nne, na kila mara akishajaza kifua ashikilie kwa sekunde mbili au tatu, hewa iingie nyuma ya makohozi. Apumue kawaida tena. Halafu afungue mdomo na koo, atoe hewa kwa nguvu bila kukohoa: haaa, ya moto, inayotoka tumboni. Ninapofundisha hili nawapa kioo kidogo cha mkononi. Hewa ikitoka sawasawa kioo kinaingia ukungu wote, ikitoka kwenye midomo iliyobanwa kinabaki safi, na mgonjwa anajisahihisha mwenyewe bila mimi kusema neno. Baada ya haaa mbili, kohozi likishapanda juu, akohoe mara moja tu, ateme kwenye kikopo chenye kifuniko. Arudie mzunguko huo kwa dakika kumi na tano, asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula. Asifanye tumbo likiwa limejaa, atatapika. Makohozi ya pafu la kulia juu yanateremka vizuri akiwa amekaa wima, kwa hiyo hahitaji kulala kichwa chini kama ambavyo mtu anaweza kumwelekeza.

Kuhusu kujifukiza kwa kalitusi. Najua watu wanaona nafuu, maana harufu inafungua pua na mvuke unalainisha kamasi. Lakini mvuke haufiki kwenye mirija iliyolegea ndani ya pafu, na watu wanaungua kwa sufuria la maji yanayochemka likiwa chini ya blanketi. Kama ni kulainisha makohozi, anywe maji ya kutosha mchana kutwa. Kama jirani anamaanisha kuvuta moshi wa majani yanayochomwa, hapo nakataa kabisa.

Moshi kwa ujumla ndio adui wenu sasa. Uganda karibu kila nyumba inapikia kuni au mkaa, na sigiri ikiwa ndani ya chumba kile kile anacholala, mazoezi yote hayo yanapambana na moshi wa jikoni. Pika nje au barazani, tumia kuni kavu, na sigiri yenye makaa isiingizwe ndani usiku kwa ajili ya joto hata mvua ikinyesha, kwa sababu hewa yake yenye sumu inaua watu wasio na ugonjwa wowote. Kama anavuta sigara, aache. Kwa pafu lenye makovu, hilo peke yake ni sehemu kubwa ya tiba.

Chakula sitakisema kwa urefu. Misuli haijengeki bila protini: maharage, njugu, mukene (dagaa), mayai mkiweza, maziwa. Aliyekonda anahitaji kula mara nyingi kidogo kidogo, kwa sababu tumbo likijaa posho linasukuma pafu juu naye anaanza kuhema mezani.

Nije kwenye vidonge, kwa sababu ndivyo vilivyomchosha. Ana haki ya kuchoka na antibiotiki, maana nyingi ya hizo pengine hazikuhitajika. Makohozi meupe ya kila asubuhi ni mirija iliyolegea, si maambukizo mapya. Antibiotiki inapata kazi pale makohozi yanapoongezeka ghafla, yakageuka rangi kuwa ya njano nzito au kijani, pumzi ikawa fupi kuliko kawaida yake, pengine na homa. Siku hiyo aende, aimeze, aimalize, na mazoezi yasubiri homa iishe. Ila asichanganye hasira ya antibiotiki na dawa nyingine. Kama ameandikiwa ile ya kuvuta kwa mdomo, au ana dawa za presha, au za kupunguza makali ya virusi, hizo haziguswi. Mazoezi hayashindani nazo. Kama ile ya kuvuta inamsaidia, aivute robo saa kabla ya kutembea, atakwenda mbali zaidi.

Kuna dalili ambazo zikitokea, mazoezi na kutoa makohozi vinasimama na anakwenda hospitali. Damu kwenye makohozi, hata michirizi, hasa kwa mtu ambaye pafu lake linaweza kuwa na tundu. Ikiwa damu ni nyingi, msisubiri asubuhi, na njiani alale kwa ubavu wa kulia, ule wenye pafu bovu, ili damu isimiminike kwenye pafu zima. Maumivu ya kifua yanayobana. Kizunguzungu cha kutaka kuanguka. Midomo kubadilika rangi. Miguu kuvimba. Na kama kikohozi kimebadilika kwa wiki mbili au zaidi, anatokwa jasho usiku, uzito unashuka, TB inaweza kuwa imerudi na apimwe tena. Siku hiyo awaambie wazi kwamba alishatibiwa, kwa sababu GeneXpert, ile mashine ya kupima TB kwenye makohozi, inaweza kunasa mabaki ya vijidudu vilivyokufa, na huenda makohozi yakahitaji kuoteshwa maabara kabla ya mtu kuanzishiwa dawa upya bure.

Mpaka siku hiyo, kama ipo, shemeji haambukizi mtu. Amemaliza dawa, makohozi yake ni safi. Kula naye sahani moja, laleni pamoja, watoto wamkumbatie. Nasema hili kwa sababu nimeona wanaume waliopona wakilala peke yao mwaka wa pili, wakinywa kwenye kikombe chao cha pembeni, na hakuna zoezi litakalomtoa nje mtu anayeogopwa nyumbani kwake.

Kuhusu mahali pa kwenda, anzeni hospitali ya Tororo iliyo karibu nanyi. Msiseme tu "ana kikohozi", mtapewa antibiotiki nyingine. Semeni: alipona TB, ana pumzi fupi akitembea, tunaomba apimwe oksijeni akitembea na apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Bebeni ile picha ya kifua na karatasi za kumaliza dawa. Kama pale hakuna wa kumsimamia, ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Mbale. Msimamizi mkimpata, hata kwa mara moja tu kwa wiki mbili za mwanzo, inatosha kumwekea kipimo, mengine atayafanya nyumbani. Zile wiki sita zikiisha asiache, maana misuli iliyopatikana kwa wiki sita inapotea polepole mtu akiacha. Ashuke hadi siku tatu kwa wiki, na aendelee hivyo. Kazi ya magunia sitamshauri airudie kabla ya kutembea nusu saa bila kusimama, na hata hapo aanze na mizigo myepesi, mahali pasipo vumbi la simenti wala unga.